Faini ya kusahau imenila sikio

Nimepotea wiki mbili, mnisamehe, mitihani ilinibana. Wanaosubiri habari za baridi ya huku na ule wali wa bwenini usio na nazi wala chumvi wasubiri tena kidogo. Leo nimekuja na ugomvi.

Ugomvi wenyewe ni na klabu yetu ya kulenga shabaha hapa chuoni, na hasa na faini yao. Mila iko hivi: ukifika uwanjani umesahau kifaa chochote, hata kalamu, jina lako linaandikwa. Jioni unawanunulia wenzako vinywaji. Usiyekunywa, kama mimi, unapandishwa juu ya kiti katikati ya baa unakiri kwa sauti umesahau nini. Watu wanapiga meza, wanacheka, wanakupiga picha. Wanasema ni utani wa kujenga. Mimi nasema ni upuuzi, tena wa hatari, na sisemi kwa kuhadithiwa.

Najua kuna atakayeuliza, wanafunzi na bunduki tena, huko Uingereza? Ndiyo, ila kwa masharti. Karibu bastola zote zilipigwa marufuku hapa mwaka 1997, baada ya yule mtu kuua watoto wa shule ya msingi pale Dunblane, Scotland, mwaka 1996. Bunduki ndefu za shabaha zimebaki, na klabu lazima iidhinishwe na Wizara ya Mambo ya Ndani. Bunduki ni za klabu, zinakaa kwenye ghala lenye makufuli, hakuna mtu analala nayo uvunguni. Majira ya baridi tunapiga ndani kwa bunduki ndogo, umbali wa yadi 25, umelala kifudifudi. Joto likianza kurudi ndipo tunakwenda Bisley.

Bisley iko Surrey, kusini magharibi ya London. Ukienda kwa treni unashuka Brookwood. Chama cha bunduki cha taifa kilihamia pale mwaka 1890 kutoka Wimbledon, na huko Wimbledon risasi ya kwanza mwaka 1860 ilipigwa na Malkia Victoria mwenyewe. Bunduki ilikuwa imefungwa kwenye stendi, mama wa watu akavuta kamba tu, ikapiga katikati. (Hata mimi nikifungiwa ya kwangu nitapiga katikati.) Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Manchester mwaka 2002, shabaha ililengwa hapo hapo Bisley. Unapiga yadi 300, 500, 600, na kuna uwanja unaofika 1,200. Bunduki ya huko ni ya milimita 7.62. Si ile ndogo ya ndani inayolia kama fimbo imevunjika.

Basi bwana, usiku wa Ijumaa nikapanga begi langu kama mtu anayekwenda Hija. Koti zito la kulengea nililoazima kwa mzee mmoja wa klabu, lipo. Glavu ya mkono wa kushoto, ipo. Mkanda wa bunduki, mkeka, darubini na miguu yake, daftari la alama, koti la mvua, kofia ya sufu, kadi ya kuonyesha nimefuzu. Kalamu mbili. Chapati nne na chupa ya chai ya tangawizi. Nikalala kwa amani.

Kumi na moja na nusu alfajiri nikatoka mbio, na zile hedifoni kubwa za kuziba sauti zikabaki zinaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango.

Nilikumbuka tukiwa ndani ya basi dogo, tumeshashika barabara kuu. Nikataka kusema. Wallahi mdomo ulishafunguka! Lakini dakika tano kabla, binti mmoja wa mwaka wa kwanza alikuwa amesema kasahau glavu, na basi zima likalipuka. Makofi, nyimbo, nahodha akatoa kile kidaftari chake akaandika jina. Na mimi, wenzangu mliosoma ughaibuni mtanielewa, ndani ya lile basi weusi tulikuwa wawili. Hutaki kuwa yule Mwafrika aliyekuja uwanja wa bunduki bila vifaa. Ukisahau wewe, unahisi limesahau bara zima. Nikafunga mdomo.

Pale uwanjani nikapekua mifuko yote. Nikapata kizibo kimoja cha sponji, kimeshafuliwa pamoja na suruali, kimekuwa kigumu kama kipande cha ugali wa jana. Kimoja! Masikio mawili. Nikajipigia hesabu: bunduki inakaa bega la kulia, basi sikio la hatari ni la kulia. Kizibo nikakitia kulia. Kushoto nikasokota karatasi ya chooni. Kofia ya sufu nikaishusha mpaka shingoni. Msimamizi akapita nyuma yetu akisema kwa sauti, masikio, masikio! Kila mtu akagusa hedifoni zake. Mimi nikagusa kofia.

Hesabu yangu ilikuwa kinyume. Anayepigia bega la kulia, kichwa chake kinageuka, sikio la kulia linajificha kidogo nyuma ya shavu na kitako cha bunduki, na sikio la kushoto ndilo linaloelekea kwenye mdomo wa mtutu. Kwa hiyo lile lililokuwa na karatasi ya chooni ndilo lililokaa mbele.

Tulikuwa watatu kwenye kituo kimoja, tunapiga kwa zamu. Kila mmoja risasi mbili za kujaribu na kumi za kuhesabiwa. Zangu 12, za wenzangu 24 pembeni yangu, na vituo vya jirani kulia na kushoto wanaendelea na yao. Risasi ya kwanza ilikuwa kama mtu kanizaba kofi ndani ya kichwa. Ya tano nikazoea. Hiyo "nikazoea" ndiyo ya kuogopa. Nikapata alama 41 kati ya 50, nikafurahi kama mwendawazimu.

Jioni baa, yule binti akapandishwa kitini akakiri glavu yake. Mimi nilicheka na kupiga meza pamoja nao. Nilikuwa nawasikia kama wako chini ya maji, na juu ya maji hayo kuna mbu mmoja, nyiiiiiii. Nikasema kesho atanyamaza. Sasa ni miezi mitano. Kulia amenyamaza, kushoto hajaondoka.

Hospitali walinifungia kwenye kachumba, nikabonyeza kitufe kila niliposikia mlio. Mchoro wa sikio la kulia umenyooka vizuri tu. Wa kushoto unakwenda, unakwenda, ukifika mawimbi 4,000 kwa sekunde unatumbukia bondeni. Daktari alisema bonde hilo pale ndipo panapoumia kwanza kwa watu wa kelele na bunduki. Ndani ya sikio kuna chembe zenye vinyweleo, takriban 15,000, na kwa binadamu zikifa hazioti tena. Ngozi ya goti inaota. Hizi hapana. Sheria ya kazi ya hapa ya mwaka 2005 hairuhusu mlio wa ghafla wa zaidi ya desibeli 140 uufikie usikivu wa mfanyakazi. Bunduki kubwa kama ile inapita 150 pale ulipolala, na desibeli si kama shilingi, eti kumi za ziada ni kumi tu. Zikiongezeka 20, shinikizo limezidi mara 10.

Mtaniuliza, kwani umekuwa kiziwi? Sijawa. Chumba kikiwa kimya nasikia kila kitu. Kwenye kelele ndipo zile herufi nyembamba zinapotea, s na f na th. Juzi kantini Mtanzania mwenzangu kasema "sisi tumeshakula", mimi nikasikia fisi wameshakula. Tulicheka. Halafu mama akapiga simu, nikaweka sikio la kushoto kama nilivyozoea miaka yote, nikajikuta nasema "nini mama? nini?" mara tatu. Akauliza, mwanangu, unaumwa? Nikamwambia mtandao mbaya.

Sasa turudi kwenye faini. Wanaitetea kwamba inafundisha kumbukumbu. Ni kweli, inafundisha! Mwaka jana nilipandishwa kitini kwa kusahau kalamu, na tangu hapo natembea na kalamu mbili. Hesabu tena begi langu hapo juu mtaziona. Kalamu nilifunzwa, masikio sikufunzwa, kwa sababu kwenye kidaftari cha nahodha kalamu na masikio vina bei moja. Na kuna somo lingine nililifuzu bila kujua nafundishwa: ukisahau, ficha. Kalamu ukiificha unaazima kimyakimya. Masikio ukiyaficha unapiga nayo hivyo hivyo.

Nahodha kaniambia mtu mzima ni mtu mzima, msimamizi alikuuliza, wewe ukagusa kofia, ulimdanganya. Sikatai. Nilidanganya, sikio ni langu na kosa ni langu. Lakini klabu iliyojenga mahali ambapo uongo ni rahisi kuliko ukweli isije ikashangaa ikidanganywa. Kwenye sanduku la klabu ndani ya basi kulikuwa na hedifoni tatu za akiba! Nimekuja kuziona baadaye. Nilikaa juu ya lile sanduku safari nzima.

Halafu yupo kaka yetu wa uzamili, yule Mwafrika wa pili basini. Namheshimu sana, ndiye aliyenipokea stesheni siku ya kwanza na koti la ziada mkononi. Yeye kasema: "Dogo, acha kudeka. Wanaume wamepigana vita nzima bila hivyo visponji vyako." Shikamoo kaka, na jibu lako hili hapa. Baba yangu mkubwa alikuwa kwenye mizinga Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979. Utoto wetu wote redio yake ilisikika mpaka nyumba ya tatu. Ukimwamkia upande mmoja haitiki, tukawa tunasema mzee ana maringo. Watoto tulikuwa tunashindana kumwita kwa nyuma ili tucheke. Hao wanaume unaowasema, kuna aliyewapima masikio? Waliporudi tuliwaita wakali, tukawaita wazee kabla ya wakati, na wao wakazidisha sauti ya redio.

Na ile orodha ya vifaa tunayotumiwa kila safari, nayo ina lawama yake. Ya kwanza ni koti. Ya pili glavu. Kinga ya masikio ni ya 14, imekaa katikati ya mafuta ya jua na mkate. Aliyeandika hakuwa na nia mbaya, kaandika kwa ukubwa wa kitu na bei yake, kama sote tunavyopanga begi. Koti la mamia ya pauni nani atalisahau? Kizibo cha peni chache ndicho kinachobaki kwenye msumari. Lakini koti nitaliazima, mkeka nitaazima, bila darubini jirani ataniambia nimepiga wapi. Hata bila glavu utapiga, mkono utauma tu kidogo. Visivyo na mjadala havifiki vitano: masikio, macho, kadi, na ile bendera ya plastiki inayochomekwa kwenye chemba ili kila mtu aone haina risasi. Viandikwe juu kabisa. Kabla dereva hajawasha gari, kila mtu ainue masikio yake juu kama tulivyokuwa tunainua madaftari shuleni. Asiye nayo apewe ya sandukuni, bila kidaftari na bila wimbo. Na paketi ya vizibo vya sponji ikae wazi mlangoni pa uwanja, uchukue bila kuomba. Hata wale wanaokwenda kuweka alama kule chini ya shabaha, nyuma ya tuta, wavae, maana risasi inapita juu yao kwa kasi kuliko sauti na inapasua hewa kama mjeledi.

Na ukivichukua, vitie sawasawa, maana nimeona wanaovibandika tu kama hereni. Kisokote kiwe chembamba, pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, kiingize, kishikilie mpaka kivimbe. Juu yake vaa hedifoni. Mimi sasa navaa vyote viwili, na jozi ya tatu nimeifunga kwenye zipu ya begi.

Hoja ya kufuta faini nimeiandika, imeungwa mkono na yule binti wa glavu, na kikao ni Alhamisi saa kumi na mbili jioni, kwenye kile chumba chenye mwangwi juu ya baa. Nahodha kashasema atapinga. Nitawahi nikae kushoto mwa meza, sikio la kulia liwaelekee wao.