Sekai Asikaririwe, Aandikiwe

Wanafunzi wengi wa kidato cha nne watakutajia dhamira za Takadini bila kukifungua kitabu. Mila potofu, mapenzi ya mama, nafasi ya mwanamke: wamezinakili kwenye madesa, wakazikariri, wakaenda kuzimwaga kwenye mtihani. Waulize Sekai alipofika kijijini kwa Masasa alipokewaje, watatazamana.

Kwa Kigoma jambo hili linaniudhi zaidi. Riwaya hiyo ya Ben Hanson inamhusu Sekai, mama anayemtorosha mwanawe mwenye ualbino ili asiuawe. Kambi ya Mtendeli, wilayani Kakonko, ilihifadhi wakimbizi Warundi tangu Januari 2016 hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2021, wakahamishiwa Nduta, Kibondo. Miaka yote hiyo wenyeji walipishana njiani na akina mama waliovuka mpaka na watoto mgongoni. Kiha na Kirundi vinasikilizana, kwa hiyo hata salamu hazikuhitaji mkalimani. Mwanafunzi wa huko amemwona Sekai kwa macho yake, kisha darasani anaambiwa anakili dhamira!

Uandishi wa kubuni hudhaniwa ni mchezo wa kupitisha kipindi cha Ijumaa mchana. Mimi nauona kuwa ndio mtihani mkali kuliko yote wa kujua nani amesoma. Agiza ukurasa mmoja: maongezi ya wanawake wawili kisimani, siku Sekai alipoingia kijijini. Lazima mwandishi ajue mgeni alikuja na nani, katoka wapi, nani kamhurumia na nani kamtilia shaka. Au chukua tamthiliya ya Edwin Semzaba: Ngoswe amwandikie mkuu wake wa kazi, aeleze karatasi za hesabu ya watu zimeteketeaje. Mwenye desa ataandika kwamba mapenzi huleta uzembe. Aliyesoma atatafuta uongo wa kumfaa Ngoswe, na uongo mzuri haupatikani bila kuyajua yaliyotokea.

Walimu watasema madarasa yamefurika, nani atasahihisha? Ni kweli. Lakini si kila daftari lifike mezani kwa mwalimu. Wanafunzi wabadilishane, kila mmoja apigie mstari mahali mwenzake alipopingana na kitabu, kisha kazi chache zisomwe kwa sauti. Kuhusu mtihani wa taifa, maswali ya fasihi hudai mifano kutoka kitabuni, na tukio ulilowahi kuliandika upya halikutoki kichwani.

Tahadhari moja. Shule za Warundi kambini zimefuata mtaala wa Burundi, na vitabu vyao ni vingine, ila mbinu inafaa hata kule. Kinachonitia hofu ni zoezi la “eleza ulivyokimbia kwenu”. Mtoto asilazimishwe kutoa siri ya familia ili apate alama. Mpe mhusika wa hadithi aliyoisoma, aseme kupitia kwake anachotaka, na anyamazie asichotaka.

Walimu wa Kakonko, Kibondo na Kasulu, muhula ujao jaribuni kwa kitabu kimoja tu, kabla desa halijaingia darasani.