RAMANI YA SOKO ICHORWE NA ANAYEPIGWA JUA

Ndugu msomaji, wewe kijana unayeshinda Mtaa wa Kongo na mitumba begani, leo tuzungumze habari ya majengo. Usiseme hayakuhusu. Yanakuhusu kuliko yanavyomhusu kigogo anayekuja kukata utepe na kuondoka.

Mwandishi wa maoni haya ametoka Mtua, Nachingwea. Huko wazee hawajasahau karanga. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wao mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na kwetu Nachingwea. Matrekta yakaja. Reli ikatandikwa kutoka Mtwara. Ramani ilichorwa mbali, na mkulima anayeijua mvua na udongo hakuulizwa. Mwaka 1951 mpango ukazikwa, na mamilioni ya pauni yakawa yameteketea. Reli nayo ikafungwa mwaka 1962, kisha ikang'olewa. Vijana wa Kusini wakabaki na miguu yao. Wengi ikawaleta Dar es Salaam kuuza vitu mkononi, wakaitwa wamachinga.

Je, wakubwa walijifunza? Tazama Machinga Complex pale Ilala, iliyokamilika mwaka 2010 kwa mkopo wa NSSF wa zaidi ya shilingi bilioni 12. Maelfu ya vizimba, ghorofa juu ya ghorofa. Kulikoni vingi vikakaa vitupu miaka nenda rudi? Jibu analo kila muuza soksi: mnunuzi wa soksi hapandi ngazi. Ananunua akipita. Machinga humfuata mteja. Jengo lile lilitaka mteja amfuate machinga.

Wala tusidanganyane kwamba Mtanzania hawezi kubuni jengo la maana. Soko Kuu la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975, lilichorwa na Mtanzania, marehemu Beda Amuli. Paa lake ni miavuli ya zege iliyopinduliwa kama faneli, inayokusanya maji ya mvua. Pande zake ziliachwa wazi ili upepo upite. Jumla chini ya ardhi, rejareja juu yake, mlangoni pa mitaa ambayo watu walikuwa wakinunua tangu zamani. Amuli hakuhamisha wateja. Alijenga walipo.

Kisha usiku wa Julai 10, 2021 soko likaungua. Miezi mitatu tu baadaye, Oktoba, wamachinga wakaamriwa waondoke barabarani. Aliyeunguliwa analia, na aliyefukuzwa analia. Serikali ikatenga zaidi ya bilioni 28 kukarabati soko kongwe na kusimamisha jengo jipya la ghorofa pembeni yake. Hatupingi kujenga. Tunachouliza ni kimoja: mchoro ulipokuwa mezani, mlalahoi alikuwa amekaa kiti gani?

Tunasema hivi. Kwanza, kabla ya zege kumwagwa katika mtaa wowote wa biashara, ramani ibandikwe hadharani, wauzaji waisome na waikosoe. Pili, sakafu ya chini, ile inayotazama barabara, itengewe mwenye mtaji mdogo. Mwenye duka kubwa apande juu. Yeye ana jina na bango, wateja watamfuata. Tatu, majina ya waliopewa vizimba yatangazwe yote, ili tujue kama kuna mtu mmoja anayemiliki kumi na kuvikodisha kwa bei ya kuruka.

Nawe kijana, usingoje kuitwa. Mkutano wa mtaa ukitangazwa, nenda. Uliza ramani iko wapi. Ukiambiwa ni kazi ya wataalamu, waambie mtaalamu anajua nondo, wewe unajua mteja anapita wapi na saa ngapi. Soko linahitaji vyote viwili.

Wahenga walishamaliza: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wanaochora vitanda vyetu waje kwanza walale nasi usiku mmoja.