Siha ya Nafsi Haibebwi kwa Bega Moja

Siku hizi habari ya siha imekuwa mazungumzo ya kila baraza, na walimu wake wamekuwa wengi kuliko wanafunzi. Huyu atufundisha kunyosha viungo, yule kuvuta pumzi, mwingine atupimia chakula kwa kijiko, na mwingine tena atuahidi utulivu wa roho kwa malipo ya kila mwezi. Nao wote, pamoja na kuhitilafiana kwao, wamewafikiana katika jambo moja, kwamba kulinganisha mwili na akili, na hisia na roho, ni kazi ya mtu binafsi, aifanye chumbani mwake peke yake, na akishindwa basi lawama ni yake. Mimi sikubaliani nao, na hoja yangu naitoa katika njia kuu ya zamani ambayo miembe yake ingali ikionekana hapa Tabora.

Njia ile ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na nchi ya Wagogo, ikakata pori la Mgunda Mkali lenye dhiki ya maji, ikafika Unyanyembe, ndiyo nchi ya Tabora, na kuendelea hata Ujiji. Waliobeba biashara yake mabegani katika karne ya kumi na tisa walikuwa, kwa sehemu kubwa, Wanyamwezi, watu waliofanya mapatano ya ujira na kuijua thamani ya kazi yao. Mzigo wa desturi ulikaribia frasila mbili, yaani kama kilo 32, mbali na mkeka, chungu na silaha ya mwenyewe. Wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walitumia siku 134 kutoka mwambao hata Kazeh, mahali penye Tabora ya leo, wakaingia tarehe 7 Novemba 1857. Walikuwa na fedha, dawa na vyombo vya elimu. Walakini haukupita muda mrefu baada ya kutoka Kazeh, Burton akawa hana budi kuchukuliwa machelani kwa kupooza miguu, na Speke akalifikia Ziwa Tanganyika mwezi wa Februari 1858 hali macho yake yamefunikwa na ugonjwa. Sishangai kwamba waliugua, maana homa haimwonei haya mgeni. Wala sidai kwamba wapagazi hawakuugua wala hawakufa. Ninalolishangaa ni kwamba kazi nzito namna ile, yenye njaa, kiu na vita, iliwarudisha watu njiani kila musimu kwa hiari yao, na kijana aliyekuwa hajafika pwani alijiona bado hajawa mtu mzima.

Wapagazi hawakula kila mtu na chungu chake. Waligawanyika makundi madogo, jamaa wa moto mmoja, wakapokea posho pamoja, mmoja akateka maji, mwingine akaokota kuni, mwingine akasonga ugali, hata aliyeshikwa na homa alikuwa na watu wa kumjulia hali kabla jua halijachwa. Jioni, baada ya mwendo ambao ungemlaza chali mtu yeyote wa ofisini, walipiga ngoma wakacheza. Na Burton, ambaye hakuwa mwepesi wa kumsifu Mwafrika, aliliandika jambo hilo katika kitabu chake. Kabla ya kuondoka, mganga alitazamia siku na kuwapa dawa ya njia, na wenye kushika dini ya Kiislamu waliomba dua. Msafara ukifika Unyanyembe ulitua, si usiku mmoja, bali majuma kadhaa, watu wakarudi kwao, wakalima, wakaoa, wakafanya matanga ya waliokufa nyuma yao. Hapana aliyemwambia mpagazi atafute faragha ili apate raha. Raha ilikuwa imekwisha kutiwa ndani ya utaratibu wa safari.

Na utani! Wataalamu wa mila wanaueleza utani wa makabila ya nchi hii, kama ule mashuhuri wa Wanyamwezi na Wazaramo, kuwa ulistawi hasa katika njia hizi za misafara. Mtu aliyefika ugenini amechoka, hana aila, hana shamba, alikuta watu wenye ruhusa ya kumtukana na wajibu wa kumzika. Na nisiyemwelewa ni yule anayeuhesabu utani kuwa upuuzi wa wazee. Msibani ndugu wa marehemu hujikaza, naye mtani akaingia akilia kilio cha uongo, akadai urithi, akamsengenya maiti kwa uchoyo wake, mpaka mjane aliyekuwa hajanena tangu alfajiri akacheka bila ya kutaka, na katika kicheko kile machozi yaliyokuwa yamekwama yakapata njia. Tabibu wa leo angeliita jambo hilo matibabu, akaliandikia ada. Sisi tulikuwa nalo bure, tena mtani akituachia deni la kulipiza.

Kadhalika Waswezi, chama cha pepo cha nchi hii, walimpigia ngoma mtu aliyesumbuliwa na pepo, na aliyepona hakurudi kwake akawa mgonjwa wa zamani, bali aliingizwa katika chama, akapata ndugu wapya na kazi ya kuwasaidia wengine. Waislamu waliokataa mambo ya pepo walikuwa na halaka ya dhikiri ya tarika ya Qadiria, iliyopata wafuasi wengi Tabora, ambamo pumzi ya mmoja hufuata pumzi ya wote. Sitaki kuamua hapa ipi ni haki na ipi ni batili. Nasema tu kwamba hapana hata moja iliyomtibu mtu kwa kumtenga.

Lakini insafu yanitaka niseme na upande wa pili. Njia hii hii ilipitisha watumwa, na mtumwa aliyekwenda na pembe begani na mnyororo shingoni alikula kwa jiko lile lile na kusikia ngoma zile zile, wala hakuwa na siha ya nafsi, maana uhuru ndio shina la mlingano wote. Ndui ilifuata misafara, na aliyepatwa nayo mara nyingi aliachwa porini. Anayeipamba zamani hata akafuta hayo hatusaidii kitu.

Na tuitazame nyumba moja, tembe la Kwihara karibu na mji, ambako leo pana makumbusho. Humo alikaa mmisionari na msafiri David Livingstone mwaka 1872. Stanley, mwandishi wa gazeti, alipomkuta Ujiji mwishoni mwa mwaka uliotangulia, mzee yule alikuwa amedhoofika kwa maradhi na kwa kukata tamaa. Chakula kizuri, barua za nyumbani na mtu wa kuzungumza naye vilimrudishia nguvu kwa muda mfupi, wala hawezi mtu kutenganisha ni kipi kati ya vitatu hivyo kilichotenda zaidi. Stanley akaondoka tarehe 14 Machi, naye mzee akangoja hapo mpaka Agosti. Mwaka uliofuata wakapanga katika nyumba ile ile msafiri Mwingereza, Luteni Cameron, na wenziwe, wote wakiteswa na homa na maradhi ya macho. Miongoni mwao alikuwamo Daktari Dillon, tabibu wa jeshi la majini la Uingereza. Mwezi wa Oktoba 1873 Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, na wenzao wakafika Kwihara wakiuchukua mwili wa bwana wao aliyefia safarini, na Dillon, ambaye hakuweza tena kuendelea na safari, akageuka kurudi pwani pamoja nao. Tarehe 18 Novemba, huko Kasekera, akiwa katika kuweweseka kwa homa, alijipiga risasi akafa. Alikuwa mtu wa elimu na sanduku la dawa, na elimu yake ilihusu hasa uponyaji. Nani atathubutu kusema kwamba alianguka kwa uvivu wa kujitunza?

Mtu aliyepata kuchukua mzega ajua kwamba upande mmoja ukizidi, bega huumia hata kama jumla ya uzito ni ndogo. Hivyo homa ya mwili huvuta akili, na huzuni huvuta mwili, na anayeweza kusawazisha mzigo mara nyingi si mchukuzi bali ni mwenziwe aliye nyuma, ambaye auona umepinda. Hata katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 1948, ilipoieleza afya iliutaja mwili na akili, kisha ikaongeza jamii.

Wachukuzi wa leo ni dereva wa lori alalaye juu ya usukani, kijana wa bodaboda alaye akiwa amesimama, na mkulima wa tumbaku wa Urambo akokotoaye deni la pembejeo usiku kucha bila ya kumwambia mke wake. Hao tunawaambia wajitunze. Tajiri mwenye malori aliyewanyima siku ya kupumzika haambiwi kitu.

Na yule ambaye mzega umemwangusha kabisa tunampokeaje? Njiani kutoka pwani kuja kwetu, katika Dodoma, ipo hospitali ya Mirembe, ambako wako matabibu wa akili. Lakini Kanuni ya Adhabu yetu, katika kifungu cha 217, ingali ikimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, hata jamaa huogopa kumpeleka kwa tabibu wasije wakampeleka kwa askari. Lau Dillon angaliponea jeraha lake na sheria hii ikawapo, angalitoka machelani akaingia kizimbani. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na kifungu cha namna hiyo, na mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu yao ikakitangaza kuwa kinapingana na katiba. Nawaomba wabunge wetu, na kwanza wale wa mkoa huu wa Tabora, wasingoje kulazimishwa na mahakama: wapeleke hoja bungeni, kifungu cha 217 kifutwe, na aliyeanguka apelekwe hospitali.