Hotuba ya Memphis haianzii mlimani

Kila mwezi wa nne kipande kile kile cha video kinarudi kwenye simu zetu: Mchungaji Martin Luther King akisema kwamba amefika juu ya mlima na ameiona nchi ya ahadi. Hakizidi dakika mbili. Wengi wetu tumekitumia katika mahubiri, na tunaungama kwamba sisi pia tulikitumia kabla ya kuisikiliza hotuba yote. Safari hii tumeisikiliza tangu mwanzo, zaidi ya dakika 40, na tumeona kwamba mlima ni mkia tu. Kazi yenyewe ilikwisha kufanyika mbele.

Tukumbuke kwanza kilichowakusanya watu. Tarehe 1 mwezi wa pili 1968, katika mji wa Memphis, jimbo la Tennessee, wazoa taka wawili, Echol Cole na Robert Walker, walijikinga mvua ndani ya gari la taka. Mashine ya kushindilia ikajiwasha ikawaponda. Siku chache baadaye wenzao wapatao 1,300, karibu wote weusi, waliacha kazi. Meya Henry Loeb alikataa kutambua chama chao. Mabango yao yalitangaza jambo moja tu: kwamba aliyeyabeba ni mwanaume. Mtu mweusi mwenye mvi aliitwa mtoto huko, kama wazee wetu walivyoitwa boyi wakati wa Wabelgiji.

Tarehe 28 mwezi wa tatu maandamano ya Memphis yaliharibika. Vioo vya maduka vilivunjwa, na kijana wa miaka 16, Larry Payne, akauawa na polisi. Kisha mahakama ikazuia maandamano mapya. Basi usiku wa tarehe 3 mwezi wa nne, King alipoitwa kanisani Mason Temple huku dhoruba ikipiga, alikuwa na mizigo miwili: kuwatoa watu katika woga, na kuwaondolea mawe mikononi. Alikuwa amechoka, hata alimtuma kwanza rafiki yake Ralph Abernathy. Alisimama bila karatasi.

Anaanza kwa kuwaza kwamba Mungu anamuuliza angependa kuishi wakati gani. Anapita Misri na Bahari ya Shamu, Athene, Roma, mlango wa kanisa la Wittenberg na Luther wake, Lincoln, na kila mahali anasema asingeishia hapo. Marudio hayo si pambo. Kila anaporudia, msikilizaji anapanda ngazi moja, na ngazi ya mwisho ni wakati wake mwenyewe. Mzoa taka aliyeingia akiwa na deni la kodi ya nyumba anakuta mgomo wake umewekwa kwenye mstari mmoja na kutoka kwa Waisraeli Misri. Halafu King anataja Johannesburg, Nairobi na Accra pamoja na Memphis: kilio ni kimoja.

Anajua pia kuchekesha. Akikumbuka mabomba ya maji ya polisi wa Birmingham mwaka 1963, anasema hayakuwatisha, kwa kuwa Wabatisti walikwisha kuzamishwa na Wamethodisti walikwisha kunyunyiziwa. Tulicheka, sisi ambao jumuiya zetu bado zinabishana juu ya kiasi cha maji. Lakini mtu aliyecheka pamoja na jirani yake hawezi kuogopa kama alivyoogopa dakika moja kabla.

Baada ya hapo anafanya jambo ambalo kipande cha simu hakilionyeshi kamwe: anatoa kazi. Msinunue Coca-Cola, maziwa ya Sealtest, wala mkate wa Wonder Bread. Wekeni fedha zenu katika benki ya Tri-State, benki ya weusi wa mji ule. Bila kutupa jiwe hata moja. Hapa tulisimamisha sauti tukatazamana. Ni mikutano mingapi tumehudhuria ambamo msemaji aliwasha watu moto, kisha akawaacha warudi nyumbani bila kujua la kufanya asubuhi? Mashariki ya Kongo tunajua moto huo huishia kwenye mlango wa nani: wa jirani anayesema lugha nyingine.

Kisha inakuja njia ya Yeriko, na kwetu ndiyo sehemu bora kuliko zote. King hamtukani kuhani wala Mlawi. Anasimulia kwamba yeye na mkewe waliwahi kuipita njia ile kwa gari, kwamba ina kona nyingi na inafaa kwa wanyang'anyi. Labda watu wale waliogopa tu. Waliuliza yatakayowapata wao wakisimama. Msamaria aligeuza swali: yatampata nini huyu nisiposimama? Wachungaji waliokuwa ndani ya ukumbi, waliokuwa bado wanasitasita juu ya mgomo, hawakuaibishwa mbele ya watu; waliachiwa swali.

Hadithi ya kuchomwa kisu mwaka 1958, na ya chafya ambayo ingemuua, inarudiwa mno kwa maoni yetu. Kwenye karatasi inachosha. Kwa sikio inabeba.

Na mlima? Hakuhitaji kueleza. Watu wale walilijua Kumbukumbu la Torati, walijua Musa aliiona nchi na hakuingia. Viongozi wetu hupenda kujifananisha na Musa wa baharini, mwenye fimbo mkononi. Yule wa Nebo hawamtaji. King alimchukua yule wa Nebo, na kwa hiyo aliwaambia wazoa taka kwamba shauri lao halimtegemei yeye.

Kesho yake jioni aliuawa kwenye baraza ya Lorraine Motel. Tarehe 16 ya mwezi ule mji ulikubali kukitambua chama na kuongeza mshahara. Miezi michache baadaye wafanyakazi walilazimika kutishia mgomo mwingine ili ahadi hizo zitekelezwe.