Saa ya Gari Haina Kosa

Asubuhi katika stendi ya mabasi ya Moshi, abiria apandaye gari dogo la kwenda Marangu au Machame huweza kukutana na jambo la kustaajabisha. Saa yake ya mkononi inaonyesha 7:00, lakini saa ya gari, iliyo kwenye dashibodi mbele ya dereva, inaonyesha 1:00. Mgeni angedhani kwamba saa hiyo ni mbovu. Mwenyeji huitupia jicho mara moja tu, akajua kuwa ni saa 1 asubuhi, akaketi. Saa ya gari imesema kweli, tena imesema kwa Kiswahili.

Siri yake si kubwa. Magari mengi yatembeayo katika barabara za Tanzania yamenunuliwa Japani yakiwa yamekwisha kutumika huko. Saa za Japani ziko mbele ya saa za Greenwich kwa saa 9, na saa za Afrika Mashariki ziko mbele kwa saa 3. Kwa hiyo tofauti baina ya Tokyo na Moshi ni saa 6 kamili, na saa 6 ndizo zitenganishazo hesabu ya Kizungu na hesabu ya Kiswahili. Moshi ikiwa saa 1 asubuhi, Tokyo imetimia saa moja baada ya adhuhuri, na saa ya gari yenye kuhesabu mpaka 12 huandika 1:00. Gari likivuka bahari bila ya betri yake kufunguliwa wala kuisha nguvu, huteremka bandarini Dar es Salaam likiwa limekwisha kujifunza hesabu ya wenyeji. Fundi akifungua betri, saa huanza upya, na hapo kila dereva huipanga apendavyo.

Gari lililotoka Uingereza lina habari nyingine. Huko mwenye gari hana budi kuigusa saa yake mara mbili kila mwaka: Jumapili ya mwisho ya Machi huisogeza mbele kwa saa moja, na Jumapili ya mwisho ya Oktoba huirudisha nyuma. Simu za siku hizi hujibadili zenyewe, lakini saa ya gari kuukuu husubiri mkono wa mtu, na wako wanaoiacha ikikosea nusu ya mwaka. Wapenzi wa mpira hapa nchini wanaijua desturi hiyo hata kama hawajaifikiria. Mchezo uanzao saa 9 alasiri kule Uingereza huonekana hapa saa 11 jioni katika mwezi wa Agosti, lakini katika mwezi wa Desemba huonekana saa 12 jioni. Aliyebadilika si mtazamaji wa Moshi wala mchezaji. Waingereza ndio waliosogeza saa zao.

Jambo hilo lina historia yake. Mwaka 1907 mjenzi wa nyumba wa Kiingereza, William Willett, alitoa kijitabu akilalamika kwamba watu hulala huku jua la majira ya joto limekwisha kuchomoza. Alifariki mwaka 1915 kabla ya kuona shauri lake likikubaliwa. Vita ndiyo iliyolikubali. Aprili 30, 1916, Ujerumani ilisogeza saa zake mbele ili kuokoa makaa ya mawe, na Uingereza ikafuata baada ya wiki tatu. Ifahamike kuwa mwezi wa Machi mwaka huo huo majeshi ya himaya ya Uingereza yalikuwa yamekwisha kuingia Moshi na kuwasukuma Wajerumani kuelekea kusini. Mataifa mawili yaliyokuwa yakigombea ardhi ya Kilimanjaro, ardhi isiyokuwa ya yeyote kati yao, yalikuwa miongoni mwa yaliyotangulia kuamua kwamba hata jua laweza kupewa amri.

Tangu hapo nchi nyingi zimejaribu utaratibu huo, na nyingi zimeuacha. Japani iliutumia kuanzia mwaka 1948 hadi 1951, ilipokuwa chini ya majeshi ya Marekani, kisha ikauacha. Namibia iliacha kubadili saa mwaka 2017. Misri iliurudisha mwaka 2023. Bunge la Ulaya lilipiga kura mwaka 2019 kuukomesha, lakini kura hiyo haikufuatwa na utekelezaji. Yatosha kuonyesha kwamba hata wenyewe walioubuni hawajakubaliana kama una faida.

Kwa Moshi hoja hiyo haina mahali pa kusimama. Mji huu uko kusini mwa Ikweta kwa nyuzi 3 na kidogo tu. Tofauti baina ya siku ndefu kuliko zote katika mwaka na siku fupi kuliko zote haifiki nusu saa. Mwaka mzima jua huchomoza kati ya saa 12 na saa 1 asubuhi, na hakuna mwanga wa kuweka akiba. Zaidi ya hayo, saa za Afrika Mashariki hufuata mstari wa nyuzi 45 mashariki ya Greenwich, na Moshi iko kwenye nyuzi 37 na theluthi. Ndiyo sababu jua hufika utosini Moshi panapo saa 6:30 mchana hivi, wala si saa 6 kamili. Bila ya tangazo lolote, watu wa Kilimanjaro huamka nusu saa mbele ya jua lao mwaka nenda mwaka rudi.

Hata hivyo ingekuwa ni kujidanganya kusema kwamba nchini mwetu saa hazisogezwi. Zinasogezwa, tena si mara mbili kwa mwaka bali kila wiki, na wanaozisogeza hawana sheria wala tangazo. Kadi ya mwaliko huandikwa saa 3 asubuhi kwa sababu mwandishi wake anajua kuwa watu watakuja saa 4. Mwalikwa naye anajua kuwa mwandishi amepunguza saa moja, kwa hiyo huja saa 5. Mwaka unaofuata mwandishi huandika saa 2. Hivyo ndivyo saa mbili za uongo zinavyofukuzana, kila moja ikidhani imeikamata nyingine, na wa kwanza kuadhibiwa ni yule aliyeamini maandishi.

Mtu huyo ni nani? Mara nyingi ni mwanakijiji. Ni mama wa Kibosho aliyeamka usiku, akakata majani ya ng'ombe, akakamua, akawatayarisha watoto kwenda shule, kisha akashuka mlimani kwa miguu ili awahi mkutano wa saa 3. Ni mwanafunzi aliyepangwa mstari juani kumwimbia mgeni rasmi ambaye bado hajaondoka mjini. Ni mzee wa ushirika aliyekuja na hoja yake juu ya bei ya kahawa, na ambaye hoja hiyo itapewa dakika 5 mwishoni, kwa kuwa "muda umetutupa mkono". Muda haukumtupa mtu yeyote. Uliachwa barabarani.

Wako wasemao kwa mzaha kwamba hizo ndizo "saa za Kiafrika". Maneno hayo ni kashfa, na la kusikitisha ni kwamba mara nyingi hutoka vinywani mwa Waafrika wenyewe, tena wasomi. Hesabu ya saa ya Kiswahili si hesabu ya watu wazembe. Huanza kuhesabu pale mchana unapoanza, na katika nchi iliyo karibu na Ikweta, ambako mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, hakuna hesabu iliyo nyofu kuliko hiyo. Serikali za kikoloni ndizo zilizoyumba. Katika nyakati mbalimbali ziliiweka Afrika Mashariki saa 2 na nusu mbele ya Greenwich, mara saa 2 na dakika 45, kabla ya mambo kutulia kwenye saa 3. Katika miaka hiyo yote mkulima wa Kilimanjaro aliendelea kuita saa 1 asubuhi kwa jina lake lile lile.

Tena mteremko wa Kilimanjaro una ushahidi wa zamani kuliko saa yoyote ya chuma. Huo ni mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba. Kabla ya Wajerumani kufika, Wachaga walikwisha kuchimba mifereji iliyochukua maji ya mito kutoka juu mlimani na kuyapitisha kando ya vilima mpaka kwenye vihamba vya migomba. Maji hayo hayakugawanywa kwa ndoo. Yaligawanywa kwa wakati. Huyu alikuwa na zamu ya asubuhi, yule ya alasiri, na kila mmoja alitakiwa kuyafungulia na kuyafunga zamu yake ilipokwisha. Mtu aliyechelewa kuyafunga hakuhesabiwa kuwa mtu aliyezidisha muda. Alihesabiwa kuwa amechukua maji ya jirani. Na aliyeumia zaidi hakuwa aliye karibu na mto, bali aliye mwisho wa mfereji, ambaye hungoja mpaka walio juu wote watosheke.

Hapo ndipo lilipo somo kwa ofisi na shule za leo. Anayechelewa hatumii wakati wake mwenyewe. Hutumia zamu ya mwenzake. Ofisa akichelewa nusu saa, foleni yote mlangoni mwake imechelewa nusu saa. Mwalimu akiingia darasani dakika 10 baada ya kengele, mbele ya wanafunzi 45, zilizopotea si dakika 10 bali 450. Na kadiri mtu alivyo karibu na chanzo cha mfereji, yaani kadiri cheo chake kilivyo kikubwa, ndivyo uchelewaji wake unavyowakausha wengi zaidi walioko chini.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 halikuona haya kuhesabu saa. Lilieleza kwamba mfanyakazi wa mshahara hufanya kazi saa 45 hivi kwa juma, na kwamba mwanamke wa kijijini hufanya kazi saa 12 au 14 kwa siku, hata siku za mapumziko. Hesabu hiyo na itumike leo. Tuseme wanakijiji 120 wameitwa kwenye mkutano, na mkutano umechelewa kwa saa moja na nusu. Zimepotea saa 180 za kazi. Kwa kipimo cha Azimio, hayo ni majuma manne ya mfanyakazi mmoja, yaani mwezi mzima wa kazi, uliomwagwa chini kabla ya dua ya kufungulia kikao. Lau karani angepoteza fedha za kijiji zinazolingana na mshahara wa mwezi mmoja, angeulizwa zilikokwenda. Kwa nini basi anayepoteza mwezi wa jasho la wananchi asiulizwe?

Ni kweli kwamba ziko sababu za haki. Masika ya Machi hadi Mei huziharibu barabara za mlimani, gari hukwama, na kiongozi huweza kuitwa mahali pawili kwa siku moja. Hakuna mwenye akili atakayemlaumu mtu kwa matope. Lakini matope hayanyeshi mwaka mzima, na hayajawahi kumzuia mtu kutuma habari. Simu imekwisha kufika mpaka vijiji vya juu kabisa. Kiongozi anayejua saa 2 asubuhi kwamba hatafika saa 3, naye akanyamaza, hakuchelewa tu, amewadharau waliomngoja.

Dawa yenyewe haihitaji fedha za bajeti. Kwanza, kadi za mwaliko ziandikwe saa ya kweli, pamoja na neno asubuhi, mchana, jioni au usiku, ili asiwepo wa kusoma 7:00 akaja saa 7 mchana. Pili, mkutano uanze na waliopo, na mgeni rasmi aliyechelewa aukute unaendelea, kwani ajenda ya kijiji haikuandikwa kwa ajili ya mgeni. Tatu, muhtasari wa kila kikao uonyeshe saa iliyotangazwa na saa kilipoanza, zote mbili, ili mwisho wa mwaka hesabu ionekane. Nne, walimu wawe mfano, kwa sababu mtoto hajifunzi kuheshimu saa kwa kuchora duara na mishale ubaoni. Hujifunza kwa kumwona mwalimu akiingia kengele inapolia. Tano, ofisi iliyoandika mlangoni kwamba hufunguliwa saa 1:30 asubuhi ifunguliwe saa 1:30, si mlango peke yake, bali na huduma.

Mataifa ya mbali yataendelea kubishana kama yasogeze saa zao mbele au yaziache. Hilo ni shauri lao, na jua lao ndilo linalowalazimisha. Kwa Tanzania jua limekuwa jirani mwaminifu. Halijabadili zamu yake. Gari lipandalo kutoka mjini Moshi kumpeleka kiongozi mlimani lina saa mbele ya dereva. Iwe imepangwa Kizungu au Kiswahili, saa hiyo husema kweli njia nzima, na dereva huiona. Hakuna haja ya kuisogeza saa hiyo hata kwa dakika moja. Anayepaswa kujisogeza ni yule aliyeketi kiti cha nyuma, kwa sababu huko juu, mwisho wa mfereji, wako watu waliokwisha kufika.