Asali Nyumbani: Nani Apewe, Nani Asipewe

Mwezi huu tuzungumzie asali. Sisi wa Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa hatuendi mbali kuitafuta. Miteremko inayoshuka kutoka milima ya Umatengo kwenda ziwani ina misitu ya miombo, na nyuki hupenda sana maua ya miti hiyo. Wahenga walisema, fuata nyuki ule asali.

Asali ni chakula chema, na Biblia yenyewe huitaja kama dalili ya nchi njema. Kwa sababu hiyo wengi wetu hudhani kwamba inamfaa kila mtu. Sivyo. Yuko mmoja nyumbani ambaye hapaswi kuilamba hata tone.

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja

Wako akina mama na bibi wanaomlambisha mtoto mchanga asali ili kumkaribisha duniani, kumtuliza asilie au kumlainisha tumbo. Wanafanya kwa upendo, lakini ni hatari. Asali, hata iliyo safi kabisa, inaweza kuwa na mbegu za kijidudu kinacholeta ugonjwa uitwao botulizimu. Tumbo la mtu mzima huzishinda mbegu hizo. Tumbo la mtoto mchanga halijakomaa, hivyo mbegu huota ndani ya utumbo na kutoa sumu inayolegeza misuli.

Mtoto huanza kwa kukosa choo. Kisha hunyonya kwa shida, sauti ya kilio hufifia, kope hulegea, shingo hukosa nguvu, na mwisho hushindwa kupumua. Ugonjwa huu si wa kila siku, lakini ukimpata mtoto unaweza kumwua. Ukiona dalili hizo, mpeleke hospitali mara moja na useme kama alilambishwa asali. Kuchemsha asali jikoni hakusaidii, kwa maana mbegu hizo hustahimili maji yanayochemka.

Basi, miezi 6 ya kwanza mtoto apate maziwa ya mama peke yake. Akianza uji, usiutie asali mpaka atimize miezi 12. Wala usipake asali kwenye kitovu cha mtoto mchanga. Kitovu kiachwe kikavu na safi.

Kikohozi

Mtoto aliyetimiza mwaka anaweza kusaidiwa sana na asali. Mwezi Juni na Julai, baridi ya Mbinga inapokaza, watoto wengi hukohoa usiku. Mpe mtoto wa mwaka 1 hadi 5 nusu kijiko cha chai kabla ya kulala, na mkubwa zaidi kijiko kimoja. Unaweza kuichanganya na maji ya uvuguvugu na ndimu. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani, lilipoeleza kuhusu dawa za kikohozi kwa watoto, liliitaja asali miongoni mwa vitu vinavyotuliza koo.

Lakini asali haiponyi nimonia. Mtoto akiwa ametulia, mfunue kifua, shika saa na uhesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima. Mtoto wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha pumzi 40 au zaidi, au kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, au akishindwa kunywa, usisubiri asubuhi. Nenda kituo cha afya. Na yeyote, mkubwa au mdogo, aliyekohoa kwa wiki 2 akapimwe kifua kikuu.

Vidonda na moto

Asali ina maji machache na uchachu kidogo, hivyo vijidudu vingi haviwezi kustawi ndani yake. Ndiyo maana hospitali nyingine duniani hutumia asali iliyotakaswa kwa namna maalumu kufungia vidonda. Ile ya chupa yako haijatakaswa hivyo. Mtoto akiungua, kimbilia maji safi ya baridi kwanza, mwagilia kwa dakika 20. Jeraha kubwa, lenye malengelenge, au la usoni ni la kupelekwa hospitali bila kupakwa kitu chochote.

Mwenye kisukari

Wengine huacha sukari na kuhamia asali wakidhani wamepona. Karibu sehemu nne kwa tano za asali ni sukari. Tena ni nzito: kijiko kimoja cha chai cha asali kina nguvu nyingi kidogo kuliko kijiko cha sukari. Mwenye kisukari aihesabu kama sukari. Na sisi wengine tukumbuke kwamba mchovya asali hachovyi mara moja.

Jikoni

Kwa wakubwa, tia asali kwenye uji baada ya kuuepua, ili harufu yake nzuri isipotee. Kwa maandazi, badala ya kikombe kimoja cha sukari tumia robo tatu ya kikombe cha asali, punguza maji kidogo, na kaanga kwa moto mdogo kwa sababu huwahi kubadilika rangi.

Walioko ziwani wajaribu hili. Chukua samaki mmoja wa kiasi, mbasa au mwingine. Mchanje, mpake chumvi, maji ya ndimu 2 na punje 3 za kitunguu saumu kilichotwangwa, umwache nusu saa. Mchome juu ya makaa. Akikaribia kuiva, mpake vijiko 2 vya asali pande zote. Ukipaka mapema asali itaungua na kuwa chungu. Mle na ugali wa muhogo na mboga za majani.

Kununua na kutunza

Nunua kwa mrina asali unayemfahamu. Jaribio la kudondosha asali kwenye maji lisikudanganye, maana hata sukari iliyochemshwa ikawa nzito huzama. Asali iliyoganda si mbovu. Weka chupa ndani ya maji ya moto kiasi, itayeyuka. Inayotoa povu na harufu ya uchachu ilirinwa kabla ya kukomaa au imeingia maji. Funga chupa vizuri na tumia kijiko kikavu. Nawe mwenye shamba la kahawa, usipulize dawa ya wadudu wakati maua yamechanua. Utawaua nyuki haohao wanaosaidia kahawa yako kushika matunda.

Mama kijana, najua si rahisi kumkatalia mama mkwe aliyekuja na kikombe cha asali kumwona mjukuu. Usibishane naye. Mshukuru, pokea kwa mikono miwili, umwambie, "Mama, kliniki wametuagiza mtoto asionje mpaka atimize mwaka. Hii tutamwekea." Kisha mchemshie chai, umtilie yeye kijiko kimoja.