Nilimpa, au Nilimpa Ajishikize?

Malenga wenzangu na wapenzi wa lugha, leo siji na shairi. Naja na lawama, na fungu kubwa la lawama hiyo ni langu mwenyewe.

Mimi ni wakili. Kwa miaka mingi nimekuwa mmoja wa wale wanaoketi mezani kuchambua barua za vijana waombao nafasi ya mafunzo kwa vitendo katika ofisi yetu, hapa Dar es Salaam. Barua huja kwa wingi likizo ya vyuo inapokaribia, na huja tena kutoka kwa wahitimu walio njiani kuelekea Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Karibu zote ni za Kiingereza, na karibu zote ni barua moja. Kila mwombaji ana shauku isiyo kifani, kila mmoja hufanya kazi vizuri akiwa na wengine na vizuri zaidi akiwa peke yake, na ofisi yetu, ambayo hajapata kuitia machoni, ndiyo aliyoiota tangu utotoni. Siwacheki. Wanaandika kile tulichowaonyesha kuwa ndicho tukitakacho.

Msimu mmoja ikaja barua ya Kiswahili. Mwandishi wake alikuwa binti wa mwaka wa tatu. Alieleza, katika ukurasa mmoja usio na pambo, jinsi alivyotumia likizo yake kuketi katika mahakama ya mwanzo ya kwao na kusikiliza. Alisimulia habari ya shahidi aliyeulizwa kama alimwona mshtakiwa, naye akajibu, "Macho hayana pazia." Hakimu aliuliza tena, akajibiwa vilevile. Binti aliandika kwamba siku ile alitambua kuwa kazi ya wakili huanza kabla ya kifungu cha sheria: huanza kwa kujua kama shahidi amekubali, amekataa, au anaogopa.

Mwenzangu mmoja aliisoma, akaisukuma kando. "Huyu ama hajui Kiingereza, ama hajui taratibu," alisema. Wengine wakacheka. Mimi niliyekuwa nimekesha usiku uliotangulia nikitafuta kina cha ubeti wa tatu, mimi nijiitaye mtetezi wa Kiswahili, sikufumbua kinywa. Tukamchukua kijana mwingine, ambaye Kiingereza chake kilikuwa kimenyooka kama rula.

Kijana huyo hakuwa mvivu wala mjinga. Nataka hilo lieleweke. Mwezi wake wa pili nasi, alikuja mama mmoja wa makamo ya bibi yangu, mwenye shauri la kiwanja. Kijana alimsikiliza kwa heshima, akaandika, kisha akaandaa hati ya kiapo kwa Kiingereza, kama yalivyo mazoea ya ofisi yetu. Kabla mama hajatia dole gumba, nilimsomea hati ile kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi. Nilipofika mahali palipoandikwa kwamba kiwanja alimpa mpwa wake, alinishika mkono.

"Sikumpa, mwanangu. Nilimpa ajishikize."

Nyinyi mnaosoma ukurasa huu hamhitaji kufasiriwa. Anayepewa kitu amekuwa mwenyewe. Anayepewa ajishikize amestiriwa kwa muda, mpaka apate chake. Mwenye mali hajaondoka. Shauri zima la mama yule lilikuwa ndani ya neno moja, na neno hilo halikuwamo katika hati. Nilipotazama daftari la kijana, nililikuta, tena amelipigia mstari. Alikuwa amelisikia. Alipokosa mwenziwe katika Kiingereza, akaliacha nje.

Nilitaka kumkaripia, nikajiona sina haki. Ni nani aliyewahi kumwambia kwamba mfasiri akikosa neno husimama na kueleza, wala haruki? Shahada yake aliifanya kwa Kiingereza. Usaili wetu ulikuwa kwa Kiingereza. Tulimuuliza juu ya mikataba, juu ya kesi mashuhuri, juu ya malengo yake ya miaka mitano ijayo. Hatukumketisha hata dakika kumi mbele ya mtu asemaye Kiswahili ili tuone kama ataweza kurudia alichoambiwa bila kukipunguza. Tulipima lugha ya barua, tukaacha kupima lugha ya mteja.

Najua majibu nitakayopewa, maana nimeyatoa mimi mwenyewe. Kwanza, nitaambiwa kwamba hukumu za rejea tunazozitegemea zimeandikwa kwa Kiingereza. Ni kweli, na wakili asiyeweza kuzisoma hafai. Sisemi tufunge mlango huo. Nasema mwombaji apimwe milango yote miwili, kwa sababu ndiyo atakayoipita kila siku: aingie kwa Kiswahili cha mteja, atoke na hoja iliyojengwa juu ya hukumu za Kiingereza, kisha arudi kumweleza mteja huyo kilichoamuliwa.

Pili, nitaambiwa kwamba wateja wenye fedha ni makampuni ya kigeni. Huenda. Lakini kampuni hiyo ina madereva, walinzi na majirani wenye mashamba, na siku shauri linapofika mahakamani, hao ndio mashahidi wake.

Tatu, nitaambiwa kwamba Kiswahili kila mtu anakijua, hakina haja ya kupimwa. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, na sisi washairi tungepaswa kuwa wa kwanza kulikataa. Nani kati yetu hajui kwamba kukizungumza Kiswahili ni jambo moja na kukiandika kwa usahihi ni jambo jingine? Dhamana, rehani, wakfu, hiba, amana: mpe mhitimu maneno haya matano amweleze mama yule tofauti zake, uone jasho lake.

Tangu mwaka 2021, sheria ya nchi hii imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, ikiacha nafasi ya Kiingereza pale haki inapohitaji hivyo. Sisi wenye ofisi tumeishika ile nafasi, tukausahau msingi. Bunge laweza kubadili kifungu kwa siku moja. Mazoea ya meza ya usaili hayabadilishwi na Bunge. Yatabadilishwa na anayeketi mezani.

Wala lugha hii haijawahi kuwa mgeni katika nyumba ya sheria. Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyetuachia *Sheria za Kutunga Mashairi* mwaka 1954, ndiye aliyekuwa Waziri wa Sheria wa Tanganyika mwaka 1963. Mtu mmoja alibeba sheria za mizani na sheria za nchi. Sisi warithi wake kila tarehe 7 Julai twapanda jukwaani kukisifu Kiswahili kwa vina vitamu, kisha twarudi nyumbani kumsahihishia mtoto barua yake ya Kiingereza ya kuombea kazi.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwa mawakili wenzangu: pokeeni barua ya Kiswahili kama mnavyopokea ya Kiingereza, na katika kila usaili mketisheni mwombaji mbele ya mtu mwenye kisa, aandike maelezo yake kwa Kiswahili, kisha amsomee. Msimulizi mwenyewe ndiye atoe alama. Kwa vijana: msiandike Kiswahili cha kunakili badala ya Kiingereza cha kunakili. Barua isemayo "mimi ni kijana mchapakazi na mwaminifu" haina tofauti na zile nilizozikejeli hapo juu. Tuambieni mlichokiona na mlichokisikia.

Barua ya yule binti ningali nayo. Baada ya kisa cha kiwanja nilimpigia simu. Alinishikamoo kwa adabu, akanishukuru, akaniambia kwamba tayari amepata nafasi kwingine. Nilipomuuliza kama huko nako aliandika kwa Kiswahili, alikaa kimya kidogo.

"Hapana, mzee," alisema. "Nilishauriwa niandike kama wenzangu."

Sikuwa na la kumjibu. Nilichonacho ni ubeti huu, nimwekee yeye na wote watakaoandika msimu ujao:

Kijana uliyesoma, na unayesaka haki,
Sikiza neno la mama, aliyekuja na dhiki,
Usiiache kalima, nje ya hati ikabaki,
Lugha ikirudi nyuma, nayo haki haifiki.